Hamsta wa Kahindo

Wenzangu mliosoma primaire, shule ya msingi, Butembo miaka ile ya vita mtaukumbuka ukungu wa asubuhi, jinsi ulivyoshuka mpaka chini ya mikaratusi, tukafika darasani nywele zimelowa kama watu waliotoka mtoni. Mtakumbuka viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu, tukavitia mfukoni mwa sketi ya buluu, kwanza vitupashe mikono moto, halafu tuvile saa ya mapumziko. Mtakumbuka penseli moja iliyokatwa vipande viwili ili dada na mdogo wake wote waandike. Na nzango je, ule mchezo wetu wa wasichana, mistari miwili inatazamana, mnaimba, mnapiga makofi, mnaruka na kurusha mguu? Nikiwaambia watoto wa leo kwamba tulicheza nzango mpaka nyayo zikapasuka, wananiuliza tulivaa viatu vya marque gani, kampuni gani. Ninawaacha.

Rafiki yangu Kahindo hakuruka nzango. Alikuwa na ugonjwa wa damu, ule ambao daktari aliuita SS, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Macho yake yalikuwa na umanjano kidogo, na kulipokuwa na baridi mifupa ilimuuma mpaka akauma shuka. Alikaa juu ya jiwe pembeni ya uwanja akihesabu pointi, na mwamuzi mkali kuliko yeye sijamwona tena. Ukikosea mguu alikunyoshea kidole tu, nawe ulitoka. Sote wawili, Kahindo na mimi Masika, tulikuwa na miaka kumi. Tulikaa mtaa wa Kimemi, nyumba yao na yetu zikigawanywa na ua wa majani, nasi tulikuwa tumeutoboa tundu la kupitia. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Mama yake, Mama Kahindo, aliuza vitenge sokoni. Baba yangu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na nguo zetu zote zilinuka mbao.

Hamsta alitoka Kampala. Mjomba wa Kahindo alikuwa akifanya biashara huko, akamwona mnyama huyo katika nyumba ya Wahindi fulani, akafikiri: mtoto wetu hawezi kukimbia, basi tumpelekee kitu kitakachokimbia mbele yake. Akaja naye ndani ya kizimba cha waya chenye gurudumu dogo katikati. Mtaa mzima ulipita kumtazama. Alikuwa kama panya, lakini mnene, rangi ya asali, mkia karibu hakuna. Mama yangu alimkagua kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Si ni panya ile tunaitegeaka mutego?" alisema. "Hii yenu iko na nyumba yake na kitanda?"

Kahindo alimpa jina la Direkteri, kwa sababu alipokula alijaza karanga mashavuni mpaka uso ukavimba, vilevile kama direkteri, mwalimu mkuu wa shule yetu, siku ya sherehe ya wazazi. Shuleni jina hilo tulilitamka kwa kunong'ona. Mchana kutwa mnyama alilala amejikunja kama donge la pamba. Jua lilipozama aliamka, akajinawa uso kwa mikono miwili kama Mkristo anayejiandaa kwenda misa, akapanda gurudumu na kuanza kukimbia. Kahindo aliweza kumtazama bila kuchoka. Aliniambia kwamba akimwona anakimbia, miguu yake mwenyewe inapunguza kuuma. Nilimwamini. Mpaka leo sijaona sababu ya kutomwamini.

Vita vya kwanza vilipita juu yetu tukiwa wadogo zaidi. Vya pili ndivyo vilivyokaa. Askari waliingia, wengine wakatoka, wengine wakarudi, na wote waliokuja walijua njia ya soko. Banda la vitenge la Mama Kahindo lilivunjwa mara mbili. Halafu dawa za Kahindo zikakosekana hospitalini, na mtu wa kumtolea damu akipatikana, mifuko ya kutilia hiyo damu haikupatikana. Mama Kahindo akaamua kwenda kwa kaka yake Kampala. Wangepanda lori mpaka Beni, kutoka Beni mpaka Kasindi, halafu wavuke mpaka. Juu ya lori watu walikaa kwenye magunia ya kahawa, wengine wakishikilia kamba. Nafasi ya kizimba haikuwepo.

Asubuhi ya safari Kahindo alikuja kupitia lile tundu la ua, mama yake nyuma akibeba kizimba. Alikuwa amevaa sweta mbili. Alinipa maagizo kama mwalimu anayesomesha diktee, imla.

"Muchana usimuamushe. Machungwa usimupatie, itamuumiza tumbo. Usimukamate na mugongo. Weka mukono chini, yeye mwenyewe atapanda. Na baridi, Masika. Yeye iko kama miye, baridi inamuua."

Nilimwambia nimesikia.

"Utakuwa unaniandikia vile anafanya," alisema. "Yote. Hata kama ni kitu kidogo."

Hivyo nikawa mlezi wa hamsta wakati watu wazima wanatafuta chumvi. Kila baada ya siku mbili nilibadilisha maranda ya kulalia, na hayo karakana ya baba, Papa kama tulivyomwita, haikuyakosa kamwe. Nilimpa mahindi, mbegu za maboga, majani ya lengalenga, na karanga tatu jioni. Tatu tu, kwa sababu Mama alizihesabu. Mwanzoni Mama alisema kwamba katika nyumba ambamo watoto wanakula bugali na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, mnyama wa kula karanga ni matusi. Lakini nilimwona siku moja, akifikiri yuko peke yake, akimega kipande cha kiazi chake na kukipitisha kati ya waya.

Katika mwezi wa kumi na moja askari wawili waliingia kwetu mchana, wakitafuta redio. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu. Mwenzake alipofungua masanduku chumbani, huyu mwenye mvi alikiona kizimba pembeni mwa jiko.

"Nini oyo?" aliuliza kwa Kilingala.

"Ni munyama ya mutoto," Papa alijibu. "Ya kucheza tu."

Askari alichuchumaa, akaweka bunduki juu ya magoti, akagonga waya kwa ukucha. Direkteri akatoka kwenye maranda, akapanda gurudumu, akakimbia mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Yule mtu alicheka taratibu, akaniuliza anakula nini, anazaa watoto wangapi. Nilijibu maswali yote huku Mama akinibana bega kwa vidole. Mwenzake alitoka na redio na viatu vya Papa vya Jumapili, wakaenda zao. Jioni ile Papa alikaa mlangoni, miguu mitupu, na hatukujua tumshukuru Mungu au tulie.

Barua zilikwenda na Papa Kakule, dereva wa lori aliyepeleka kahawa Kampala. Alizitia ndani ya kofia yake, kwa sababu vizuizini askari walipekua mifuko na soksi, lakini kofia ya mzee hawakuivua. Barua moja ilichukua majuma mawili, pengine matatu. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, pande zote mbili: "Kahindo rafiki yangu, Direkteri anakusalimia." Alinijibu kwamba Kampala kuna joto, kwamba mifupa imetulia, kwamba watoto wa huko hawajui nzango. Noeli ikapita, hawakurudi. Mwanzoni mwa mwaka aliniandikia kwamba vidole vyake vimevimba, basi yeye anasema na mama yake ndiye anayeandika. Tangu hapo mwandiko ukawa wa Mama Kahindo, mwembamba, umelala upande wa kulia.

Kulikuwa na asubuhi moja ya baridi kali, ukungu umeingia mpaka ndani ya jiko, nikamkuta Direkteri amekauka. Miguu baridi, macho yamefungwa, hapumui. Nilipiga kelele iliyoleta majirani. Mama akamchukua, akamtia ndani ya kitenge chake kifuani, akaendelea kukoroga uji wa mtama. Tulikula uji. Mara Mama akashtuka na kujishika kifua.

"Ananikwaruza," alisema. "Hapana kufa, huyu. Alikuwa na baridi tu."

Niliiandika habari hiyo kurasa mbili nzima. Jibu lake lilikuwa refu kuliko yote: nisimulie tena, Mama alikuwa anakoroga nini, alishtuka namna gani, alisema nini. Nikasimulia tena.

Mwezi wa sita, mwanzo wa kiangazi, nikamkuta Direkteri amelala vilevile. Sikupiga kelele mara hii. Nilimpeleka kwa Mama, naye akamtia kifuani kama mwanzo. Alikaa naye mpaka adhuhuri, akapepeta maharagwe naye, akafagia ua naye. Nilikuwa nikimfuata kila anapokwenda, nikitazama kitenge. Hatimaye aliketi, akamtoa, akaniwekea mikononi. Alikuwa mwepesi sana.

Nilikwenda karakana. Papa alikuwa akipiga randa ubao wa jeneza, maana mwaka ule alitengeneza majeneza mengi kuliko vitanda. Nikamwambia Direkteri amekufa, anitengenezee kisanduku kidogo tu, hata kwa mabaki.

Papa aliweka randa chini. "Mbao iko ya batu, Masika," alisema.

Halafu akatoka nje, akasimama nyuma ya karakana, amenipa mgongo. Niliona mabega yake na nikadhani amekasirika kwamba ninalilia panya wakati watoto wa watu wanazikwa. Nikaona haya. Tulimzika Direkteri ndani ya katoni ya sabuni, kando ya ua, amefungwa kipande cha kitenge.

Jioni ile nilichukua kalamu ya bic kumwandikia Kahindo ukweli, lakini kila nilipoanza mkono ulikataa. Yeye mwenyewe alikuwa amesema mnyama yuko kama yeye, baridi inamuua. Nikimwambia amekufa, ataelewa nini? Nikamwendea Mama. Mnajua akina mama wa zamani: wangu alituchapa zaidi kwa uongo kuliko kwa kuvunja sahani, na usemi wake ulikuwa kwamba muongo anakula mara moja halafu anashinda njaa. Nilitegemea aniambie nini cha kufanya, nami nifanye.

"Andika kama iko muzima," alisema.

"Mais Mama, ni uongo."

"Najua. Andika tu."

Alichukua fimbo ya kukorogea bugali akageuka. Nilibaki nimesimama, kama mtu aliyeona kanisa limehama mahali pake.

Basi niliandika. Tangu mwezi wa sita mpaka mwezi wa kumi na mbili nilimfuga Direkteri kwenye karatasi. Nilimnenepesha. Nilimfundisha kusimama kwa miguu ya nyuma. Nilisema gurudumu limevunjika na Papa ametengeneza jingine la mbao, zuri zaidi. Nilisema ameficha karanga kumi na saba chini ya maranda na tumezigundua. Kila barua Mama alinipa karatasi bila kunung'unika, na yeye mwenyewe aliipeleka kwa Papa Kakule. Na kila jibu, kwa ule mwandiko uliolala kulia, lilisema: asante rafiki yangu, simulia tena. Nilikuwa ninajiandaa kwa komunyo ya kwanza, na kila Jumamosi nilipanga mstari wa kuungama, nikifika karibu ninaondoka. Nilingoja arudi niungame kwake kwanza.

Alirudi Mama Kahindo peke yake, juma moja kabla ya Noeli, saa za alasiri. Nilikuwa ninaosha sufuria nje. Alipita kwa mlango wa mbele, siyo kwa tundu la ua, amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Mama alimkumbatia. Mimi nilikuwa nikitazama nyuma yake, nikingoja rafiki yangu aingie. Halafu nikafikiri pengine yuko kwao, amechoka na safari, na nikaanza kuogopa swali la kizimba.

"Masika, kuya hapa," Mama Kahindo aliniita. Nikaketi kwenye mkeka mbele yake. "Direkteri iko wapi?"

Machozi yalikuja kabla ya maneno. Nikamwambia yote: kwamba alikufa, kwamba tulimzika, kwamba nilidanganya katika kila barua, kwamba gurudumu la mbao halikuwepo, kwamba nilitaka kumwambia Kahindo mwenyewe na kumwomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Alikufa mwezi gani?"

"Wa sita."

"Wa sita," alirudia, kama anayehesabu njia. Kisha akanishika mikono yote miwili, mikono yangu ingali na majivu ya sufuria. "Kahindo yetu alikufa mwezi wa tatu, mutoto yangu. Damu ilikosa. Tulimuzika kule kule."

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa akitazama sakafu, na hapo nikajua kwamba alijua. Papa pia alijua. Habari ilikuja na Papa Kakule, kwa mdomo, mwezi wa nne, na watu wazima wote wa mtaa waliisikia na kuinyamazia mbele yangu. Siku zile mtoto hakuambiwa kifo. Alipelekwa kuchota maji, akirudi anakuta wageni wameondoka. Nikakumbuka mabega ya Papa nyuma ya karakana.

"Barua nani alikuwa anajibu?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kuelewa.

"Ni miye," Mama Kahindo alisema. "Barua yako ilifika juma moja baada ya maziko. Ilisema 'Kahindo rafiki yangu.' Niliisoma kwa sauti, peke yangu katika chumba. Batu bote walikuwa wanasema marehemu, marehemu. Wewe tu ulikuwa ungali unamusemesha. Donc nikajibu. Nikatuma neno kwa mama yako: umuache aandike, tafazali. Nisamehe."

Nilitaka kujua jambo moja. Nilimuuliza Kahindo alisema nini juu ya Direkteri siku za mwisho.

"Sitakudanganya tena. Siku za mwisho hakusema juu yake. Alikuwa anaomba maji, na tumugeuze ubavu. Ni hayo tu."

Sikujua kama nilie kwa Kahindo, kwa Direkteri au kwa miezi yote ile. Nilimwambia Mama Kahindo "wasingya", asante ya kwetu, kwa sababu sikupata neno jingine, nikaenda kumalizia sufuria.

Mama yangu nilimkasirikia mpaka Pasaka. Sikumwambia, lakini alijua, na siku moja tukichambua sombe alisema bila kuinua kichwa: "Masasi ya bunduki ilikuwa inalia kila siku, na wewe ulikuwa unalala. Batoto wa wengine hawakulala. Nilitaka uendelee kulala." Ni maelezo pekee aliyowahi kunipa. Mama Kahindo alifungua tena banda lake la vitenge, na kila Jumapili nilikwenda kwake kula. Alikuwa akinisuka nywele, nami nilikaa kati ya magoti yake, mahali ambapo mwingine alikuwa akikaa.

Sasa ninaishi Beni na nina binti wa miaka kumi na mmoja. Watoto hawa, mnawajua ninyi wazazi wenzangu. Barua hawajawahi kuandika. Ukimwambia aandike ukurasa mmoja kwa shangazi anakuuliza kwa nini asipige simu. Anafuga paka ndani ya simu yangu, anamlisha kwa kidole, na akisahau kumlisha hafi, ananuna tu. Mtu akifariki wanatuma sura ya njano yenye machozi mawili, kisha wanaendelea na mambo yao. Ninacheka nao, kwa sababu nini kingine nifanye.

Lakini vita vyetu havikwenda mbali, nanyi mnajua. Mwaka jana, asubuhi, nilikuwa ninamkaangia yai kabla ya shule naye, chai mbele yake, ameshika simu yangu, anamlisha paka wake. Kidole chake kikasimama. Nilipogeuka aliniuliza, polepole, kama anayesoma somo gumu: "Mama, huyu si Kavira wa darasa yetu?" Mtu fulani alikuwa ametuma picha kwenye kikundi cha wazazi. Kavira alikuwa amekwenda shambani na wazazi wake siku iliyotangulia, na huko wakauawa. Picha ilionyesha kila kitu. Nilimnyang'anya simu, lakini nilichelewa. Yai liliungua.

Nimejiuliza mara nyingi mama zetu walikuwa na haki gani ya kutuficha. Sijapata jibu, na wote wawili, Mama na Mama Kahindo, wamekwisha kuzikwa, siwezi tena kuwauliza. Ninajua tu kwamba barabara ilikuwa mbovu, dereva alikuwa mzee, watu wazima walikuwa wamefunga midomo, na mimi nikapewa miezi tisa na rafiki ambaye hakuwepo tena. Binti yangu hakupewa hata muda wa kumaliza chai.